Waya wa Mzee Uliotuliwa Mzigo

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wazee wachache mliojikaza kuketi katikati ya wajane, nawasalimu kwa upendo. Niliwaona mlivyogeuza shingo gari langu lilipokata kona na kuingia hapa jioni ya mkutano uliopita. Mmoja wenu aliniuliza, "Mama, hiyo ni gari ile ile ama umenunua ingine?" Ni lile lile. Milango bado inalia, kiti cha nyuma bado kimetoboka. Ila taa zake zina habari, na leo mmenipa nafasi niieleze. Nitaenda polepole ili hata yule ambaye hajawahi kufungua boneti tuwe naye.

Gari hilo aliniachia mume wangu. Alilinunua Kitale tukiwa vijana, na tangu siku hiyo hakupenda fundi aliguse. Waya ukikatika aliuunga mwenyewe, kisha akazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akikivuta kwa meno mpaka kikakazika. Ukifungua boneti leo utaviona vifundo hivyo vyeusi, kimoja baada ya kingine. Mimi nikiviona, namwona yeye ameinama pale, kofia imerudi kisogoni.

Tulipokaa kunyoa nywele baada ya mazishi, siku ambayo kwetu mambo ya marehemu huamuliwa, wazee wa ukoo walisema jambo moja kuhusu gari. Likae na mama, mradi aliendeshe mwenyewe. Likilala tu bandani, mdogo wa marehemu alichukue, alipeleke kwake Bumula lifanye kazi. Shemeji yangu si mtu mbaya. Yuko hapa, ameketi karibu na mlango, na naona ameanza kucheka kabla sijamfikia.

Basi nikaendesha. Mchana sikuwa na shida. Lakini nyinyi mnajua kazi ya kikundi chetu. Mwenzetu akifiwa, tunamwendea jioni, tunaimba naye, tunaomba naye, asikae peke yake na ule ukimya. Gari hilo ndilo lililotubeba. Na jioni ndiyo ilikuwa adui yangu, kwa sababu jua likishazama taa zangu zilikuwa kama kaa la jikoni linalokaribia kuzima. Lori likija mbele yangu na kupita, barabara yote ilipotea, nikabaki kushika usukani na kukisia mwisho wa lami.

Watu walisema ni macho. "Umelia sana, mama. Machozi yamemaliza macho." Nami nikaamini. Daktari wa macho alinipima, akaniambia macho yangu ni mazima kwa mtu wa umri wangu. Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka pale nikiwa bado naamini watu kuliko daktari.

Shemeji ndiye aliyeniletea balbu mpya, kubwa kuliko zile za kwanza. "Mulamwa," akasema, kwa maana ndivyo sisi mashemeji tunavyoitana, "weka hizi. Zinawaka kama uwanja wa mpira."

Kweli zikawaka zaidi kidogo, tukafurahi. Jioni moja tukatoka kwenda kwa mwenzetu aliyefiwa, gari limejaa akina mama wakiimba. Tulikuwa tumepita Kiminini, tunateremka, mara nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikagusa swichi ya taa kwenye dashibodi, nikaondoa kidole haraka. Ilikuwa moto kama kikaango cha chapati. Hapo hapo taa zote za mbele zikazima. Nyuma yetu lori linapiga honi, mbele giza tupu. Sijui nililipelekaje gari kwenye nyasi. Liliposimama, mama mmoja kule nyuma akasema, "Mimi niko. Nani mwingine yuko?"

Tulicheka, tukashuka, tukakaa kwenye nyasi. Lakini hatukufika. Yule mwenzetu alikaa jioni ile akingoja nyimbo ambazo hazikuja, na hilo ndilo lililonivunja.

Nikaliegesha gari. Kuku wakaingia kwa dirisha, wakaanza kutaga kwenye kiti cha nyuma. Fundi mmoja alikuja akatazama, akasema, "Hii yote tunang'oa, tunatupa, tunaanza upya." Nikamwambia, "Funga boneti, baba, uende salama." Nisingeweza kuona vile vifundo vikitupwa kwenye rundo la takataka. Shemeji naye akaja. "Mulamwa, si kwa ubaya. Wazee walisema. Mahindi yakishavunwa nitakuja na dereva." Nikamjibu sawa. Nililia baadaye, si kwa ajili ya gari. Nililia kwa sababu niliona kazi yangu miongoni mwenu imeisha.

Sasa kuna mama mmoja wa Kiminini katika kikundi hiki. Anauza vipuri na kutengeneza umeme wa magari, kazi aliyoianza na marehemu mumewe. Simtaji, lakini mkiona mtu anajificha nyuma ya leso, ndiye. Alikuja kunisalimia, akaona kuku wakitoka garini.

"Haiya! Mami, hii ni gari ama ni kiota?"

Nikamweleza kuhusu macho yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kwenye mkoba wake kile kipimo cha umeme chenye nyaya mbili. Tukaunganisha nyaya za swichi iliyoungua kwa muda mfupi tu, taa zikawaka kwa unyonge wao. Akapima kwenye betri: volti kumi na mbili na kidogo. Akapima nyuma ya taa yenyewe: tisa.

"Hizo zingine zimeenda wapi?" nikauliza.

"Zimekufia njiani. Umeme wote wa taa unatoka kwa betri, unaingia mpaka ndani kwa dashibodi, unapita swichi, unarudi tena mbele. Njia ndefu, waya mwembamba, umezeeka. Na ulipoweka balbu kubwa, uliongeza mzigo kwa punda yule yule mchovu. Ndiyo maana swichi iliungua."

Mama zangu, mimi nimezaliwa Malakisi. Nimekua nikichochea moto wa banda la tumbaku. Moto unakaa nje, joto linaingia kwa mabomba na kuzunguka chini ya majani. Bomba likiwa na nyufa, majani ya mwisho hayakauki, hata ukichoma kuni za msitu mzima. Unaongeza kuni, unaunguza bomba, na majani ya mwisho bado ni mabichi. Baba yangu hakuwa na haja ya kuangalia moto. Moto ukiwa ndio unaanza, alishika bomba kwa mkono, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali joto linapopotelea. Nilijua jambo hilo tangu utotoni. Pale kando ya gari langu nikaelewa. Mwanga haukuwa umeisha. Ulikuwepo siku zote, kwenye betri, hatua chache tu kutoka kwenye taa.

Lakini nikaogopa swali lililobaki. "Kwa hiyo tung'oe nyaya za mzee?"

Yule mama akavigusa vile vifundo vya tyubu, akatabasamu. "Nani amesema tung'oe? Huu waya wa mzee tunautua mzigo."

Sikilizeni alichokifanya. Kuna kifaa kidogo kinaitwa rilei, ukubwa wa kiberiti. Ni swichi inayowashwa na umeme kidogo, nayo inafungulia umeme mwingi. Kwanza tuliondoa waya wa hasi kwenye betri, mtu asije akachoma gari. Tukafunga rilei mbili karibu na betri, moja ya taa za chini, moja ya taa za mbali. Kutoka betri tukavuta waya mnene, mfupi, wenye fyuzi mwanzoni, ukapita kwenye rilei na kwenda moja kwa moja kwenye taa. Tukakwangua kutu pale waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, unaposhika bodi, mpaka chuma kikang'aa. Tukaweka swichi nyingine, tukarudisha balbu za kawaida. Na waya wa zamani, wenye vifundo vyote vya mume wangu, tukauacha mahali pake. Kazi yake sasa ni kuiambia rilei, "Washa." Mzee habebi tena, anatuma tu.

Mnaniona nafuta macho. Nilikuwa nimedhani kuna njia mbili tu, kumtupa ama kuungua pamoja naye.

Shemeji alifika jioni hiyo kuangalia mahindi yamekauka kiasi gani. Nikamwambia, "Simama hapo, Mulamwa." Nikawasha.

Mwanga mweupe ulitoka ukapita yadi, ukapita ua, ukaingia shambani. Mabua ya mahindi yakasimama mstari kwa mstari, kila jani na kivuli chake, mpaka pale mwisho ambapo sikuwa nimepaona jioni tangu siku ya mazishi. Niliona utando wa buibui kwenye seng'enge. Niliona vumbi likielea kama unga. Yule mama wa Kiminini, aliyefanya kazi hii miaka yote, alikuwa ameshika mdomo.

Shemeji akavua kofia. "Ati hiyo ni gari ya ndugu yangu?"

"Ni ya mulamwa wako," nikamwambia. "Na macho ni yangu."

Akacheka, akasema yule dereva atafutiwa kazi ingine.

Kwa hiyo nakushukuru wewe unayejificha nyuma ya leso. Nakushukuru, shemeji, kwa kuvua kofia ile, na hata kwa zile balbu, maana ulitoa ulichokuwa nacho. Nawashukuru akina mama tuliokaa pamoja kwenye nyasi. Ninachowaachia ni hiki: mkimwona mwenzenu amefifia, msikimbilie kusema amekwisha, wala msimwongezee mzigo mkidhani mnamtia nguvu. Mshikeni taratibu, kama baba alivyoshika bomba, mpaka mjue ni wapi anapopotelea.

Wiki iliyopita tulikwenda Bumula kwa dada yetu aliyefiwa, giza likiwa limeshaingia. Tulimkuta amesimama nje, barabarani kabisa. Akasema aliona taa zetu zikiteremka kilima cha mbali, akawaambia watoto, "Wekeni maji ya chai. Wanakuja."