Bila Moto

Usingizi wa karani ndani ya treni ulikuwa wa macho tu. Masikio yalikuwa kazini. Mbele yake fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amesimama, na viti vitupu tele.

“Kaa, mwanangu,” alisema mama mmoja.

“Nitakaaje, mama? Huko nyuma kumevimba, kunawaka. Daktari kanipa dawa ya kuingiza hukohuko. Naiogopa.”

“Hata mimi niliiogopa. Nawa mikono, lala ubavu, ingiza taratibu, utulie hapohapo. Joto lako litaiyeyusha. Na ukipata nafuu, usikatishe dozi.”

“Iyeyuke bila moto?” Fundi, mtu wa kuyeyusha vyuma kutwa, alibaki mdomo wazi. “Kumbe na mimi ni tanuri!”

Treni ikasimama. Kilikuwa kituo chake, lakini karani hakushuka. Alipapasa mkobani dawa yake ya aina hiyohiyo, aliyomficha hata mumewe; ilikuwa imelainika.

“Mama,” alinong'ona, “na ikiyeyukia huku nje?”