Breki za Reginald Eliakimu Nambunga, 1951–2025

Marehemu Reginald Eliakimu Nambunga alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, hapa hapa Mkunya, wilaya ya Newala. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Eliakimu na mama yetu Nuria. Wa kwanza ni mimi, dada yake, mnayeniita Mama Chrispin. Nilimbeba mgongoni nikiteremka bondeni kuchota maji, kwa hiyo leo asinyanyuke mtu kunisahihisha habari zake.

Alianza shule ya misheni mwaka 1960, kisha akasoma Masasi hadi 1967. Mimi sikupelekwa. Nyumbani palihitajika mtu wa kubeba ndoo, wakaona mtu huyo ni mimi.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika karakana ya misheni, Masasi. Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia baiskeli kuukuu ya resi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Mwaka 1974 Reginald akarudi nayo Newala, akafungua banda sokoni, na hapo alifanya kazi miaka hamsini na moja.

Watu walimcheka. "Fundi wa vidude!" Ndiyo, vidude. Breki za baiskeli zile zinashikwa na kibolti chenye tundu, hakizidi punje ya mbaazi. Waya unapita tunduni, nati inaubana. Na mwisho wa ganda la waya kuna kikofia ili lisichanike. Vitu hivyo madukani viliisha zamani. Reginald alivichonga kwa tupa kutoka kwenye shaba ya koki mbovu za bomba, maana koki hapa Newala tunazo, maji ndiyo hatuna. Ninyi mnaoteremka bondeni na madumu, mnarudi na meno yenu yote kwa sababu ya vidude hivyo.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Leonia, huko Kitangari. Alimpakia bibi harusi kwenye baiskeli ile. Kwenye mteremko kuku akakatiza, Reginald akabana breki. Baiskeli ikasimama, Leonia akasimama, shela haikusimama. Iliendelea peke yake mpaka kijiji cha pili, na huko ikapokewa kwa vigelegele. Anayebisha alikuwa bado hajazaliwa. Walijaliwa watoto watatu: Huruma, Dickson na Regina.

Sasa nafika kwenye kifo. Wazee wa kanisa waliniomba niseme ni ajali, mapenzi ya Mungu, kisha nikae. Sikai. Mungu hakuazima baiskeli.

Aliyeazima ni Chrispin, mpwa wake, mwanangu mimi wa kumzaa, aliyefundishwa kazi na marehemu miaka tisa. Aliichukua Alhamisi, tarehe 24 Aprili mwaka huu. Njiani kibolti cha breki ya nyuma kikaanguka. Chrispin akaufunga waya kwa kipande cha mpira wa tairi, akapaka grisi juu yake pasionekane. Jioni akairudisha. Nilikuwepo nachambua mboga.

"Shikamoo mjomba. Baiskeli hii hapa."

"Marahaba. Haikukusumbua?"

"Hata kidogo, mjomba."

Reginald macho yalikuwa yameingia ukungu, kibolti hakioni tena. Ndiyo maana aliuliza kwa mdomo. Na alijibiwa kwa mdomo, na mtu anayejua kazi.

Jumamosi aliteremka bondeni. Mpira ukakatika. Akabana breki ya mbele peke yake, ikamrusha. Akavunjika nyonga. Alilala hospitali hadi Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akaiaga dunia.

Kule sokoni mkafurahi. "Fundi wa breki kamalizwa na breki zake!" Maneno hayo yalimfikia kitandani. Mtu aliyewatengenezea breki nusu karne, akasikia hayo kabla ya kufa. Mnaolia hapa leo, wengine midomo ni ile ile.

Mimi niliikagua baiskeli, nikaukuta mpira. Nikamwita mwanangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Mama, niliona haya. Miaka tisa fundi, halafu nifunge waya kwa mpira? Angenicheka."

"Bora angekucheka akiwa na nyonga mbili."

"Mama, nakuomba, usimwambie mtu."

Nikaenda kumwambia Reginald. Kumbe alikuwa anajua. Breki ilivyokufa mkononi mwake ilitosha kumwambia. Akasema, "Dada, nyamaza. Mwache aje aseme mwenyewe." Chrispin alikuja mara nne. Alileta uji, alileta machungwa, akazungumza habari za mvua. Kila akiondoka, Reginald aliutazama mlango. Siku thelathini na nane alimngoja, na mimi nilinyamaza kwa sababu mdogo wangu aliniomba. Leo hawezi kuniomba tena.

Marehemu ameacha mjane, Leonia, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, ambaye ni mimi, na mpwa mmoja, Chrispin. Wengine walitaka jina lake lifutwe katika orodha hii. Nimekataa. Kwa desturi yetu mpwa ndiye anayepokea vifaa vya mjomba wake. Kopo la vibolti ninalo hapa miguuni. Hatalipokea kwa kuinama kaburini na kulia kama wengine. Atalipokea akishawaambia watu wa soko, kwa sauti yake, breki ya Reginald ilikufaje.

Mchungaji, udongo usubiri kidogo.

Mdogo wangu Reginald, pumzika kwa amani. Ya kwako umeyamaliza. Chrispin mwanangu, simama.