Maisha ya Phares Opiyo Ondiek, Mtu Aliyeziuliza Picha Maswali

Ndugu, jamaa na marafiki, huyu tunayemrudisha leo kwenye ardhi ya baba zake, Jumanne tarehe 14 Aprili 1959, ni Phares Opiyo Ondiek. Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1913 hapa hapa Ng'iya, Alego, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ondiek na Mama Adoyo. Tarehe yenyewe haikuandikwa. Mama yake anasema mvua ya kupandia ilikuwa imeshaanza, na kwamba mtoto alichelewa kulia kwa sababu alikuwa anatazama moto. Wakunga waliokuwapo hawako tena wa kuthibitisha, lakini waliomfahamu marehemu hawalitilii shaka jambo hilo.

Alianza shule ya misheni mwaka 1921, akabatizwa mwaka 1926, kisha akaendelea Maseno hadi mwisho wa mwaka 1931. Wenzake wa darasani wanakumbuka siku aliyomuuliza mwalimu kwa nini ubaoni maandishi ni meupe juu ya weusi, na kitabuni ni meusi juu ya weupe, na bado jicho halichanganyikiwi. Mwalimu alimsimamisha pembeni hadi kipindi kiishe. Kesho yake mwalimu huyo huyo alimwita, akamwambia kwamba alilifikiria swali lile nyumbani na jibu hakulipata. Phares alikisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alimsifu mwalimu.

Mwaka 1934 aliajiriwa na Reli, karakana ya Nairobi, akafundishwa kuandika herufi na namba kwenye mabehewa kwa brashi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi mwisho, na kuanzia mwaka 1950 alikuwa msimamizi wa waandishi wote wa karakana. Hakutumia rula kwenye namba tatu wala nane. Alisema rula haijui kupinda.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 1937 alifunga ndoa na Adhiambo katika kanisa la Ng'iya. Mungu aliwajalia watoto wanne. Waliishi kwanza nyumba za reli za Muthurwa, na mwaka 1948 wakahamia Kaloleni. Picha ya arusi yao ilitundikwa ukutani nyumba zote mbili. Gauni linaonekana hadi lesi ya mwisho, lakini uso wa bibi arusi ni giza tupu. Mgeni akiitazama sana, Adhiambo alimwambia kwamba aliyeolewa siku ile ni gauni, na yeye alikuja baadaye.

Huenda utani huo ndio uliomfanya marehemu anunue kamera mwaka 1951. Ilikuwa kamera ya sanduku, iliyokwisha kutumika, ya Mzungu wa karakanani aliyekuwa anarudi kwao. Karatasi ya maelezo ilisema mpiga picha asimame jua likiwa mgongoni kwake, na anayepigwa aelekee jua. Phares alifuata kama ilivyoandikwa. Picha ziliporudi kutoka dukani kusafishwa, mashati yaling'aa na kuta ziling'aa, lakini nyuso zilikuwa vivuli, na mahali pa macho palikuwa na mashimo. Majirani walimwambia ndivyo kamera ilivyo, au ndivyo tulivyo sisi weusi. Yeye hakukubali lolote kati ya hayo. Alisema kamera haijui kabila la mtu, kwa hiyo kosa liko mahali fulani na linaweza kutafutwa.

Wenzake wa kulitafuta aliwapata Majengo. Mmoja ni Haji Abdurahim, mwenye duka la vitambaa. Mwingine ni Kombo, fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya duka hilo hilo. Wote wawili walikuwa na kamera na wote wawili walikuwa na tatizo lile lile. Mwaka 1953 walianza kukutana na wapenzi wengine wa picha Jumapili alasiri katika ukumbi wa Kaloleni. Kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari, mkutano wowote ulitaka kibali. Afisa wa ustawi alikuja kuona watu wazima wanakutana kutazama nini. Phares alimwonyesha, naye akakaa hadi mwisho.

Picha zilitundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Miezi ya mwanzo kila mtu alimwambia mwenzake nzuri sana, hongera, wakanywa chai na kuondoka bila kujua zaidi ya walivyokuja. Siku moja Haji alichoka na heshima hizo. Alisimama mbele ya picha ya Kombo, akaitazama kitambo, akasema, "Fundi, shati umelipiga vizuri. Mwenye shati alikwenda wapi?"

Ukumbi ulicheka. Kombo aliibandua picha yake, akaitia mfukoni, na Jumapili zilizofuata hakuonekana.

Phares aliona kwamba wasipojua kuambiana ukweli, kikundi kitakufa, na akisema lazima wasamehane tu, watarudi kwenye hongera. Alichukua picha yake mwenyewe aliyoipenda kuliko zote, ya jamaa waliosimama mbele ya nyumba, akaenda nayo hadi kwenye cherehani ya Kombo. Alimwomba aanze na hiyo. Kombo alimaliza kwanza pindo alilokuwa akishona.

"Bwana Phares," akasema, "watu wako umewapanga kama mabehewa. Bado kuwaandika namba tu."

Marehemu alirudi Kaloleni na picha yake. Alipomweleza mkewe, Adhiambo alijibu kwamba fundi alimhurumia; yeye angeulizwa angelisema jambo hilo zamani.

Tangu siku hiyo kikundi kilipata desturi yake. Picha ya msimamizi wa kikundi, yaani Phares, hutundikwa kwanza, na huambiwa kwanza. Hakuna kusema nzuri wala mbaya. Kila mtu ataje kwanza anachokiona kwa macho, kisha aulize swali moja. Mwenye picha anyamaze hadi wote wamalize. Haji alilalamika kwamba amegeuzwa mtoto anayefundishwa kutaja vitu, lakini alifuata, na baadaye alikuwa mkali wa desturi hiyo kuliko wote. Kombo alirudi.

Ndivyo walivyolipata jibu, mwaka 1955. Kombo alileta picha ya jirani yake akianika mashuka. Mmoja alitaja kwamba kichwa kimekatwa kwenye kilemba, mwingine kwamba kamba inapita kifuani, mwingine kwamba kuna nusu ya mbuzi. Zamu ya Phares ilipofika, alisema anaona macho. Akauliza kwa nini, katika picha zote za kambani siku ile, huyu peke yake ana macho. Hakuna aliyejua, kwa hiyo waliteremka wote hadi Majengo, wakamwomba mama yule asimame tena, mara penye mashuka na mara pasipo mashuka. Mumewe, alipoona kundi la watu, alitoka kuuliza kama kuna maiti inatafutwa. Haji alikwenda dukani akaleta bafta nyeupe, watu wawili wakaishika karibu na uso wa yule mama, mara upande huu, mara upande ule. Wakagundua kwamba mtu akae kivulini, si juani, avae nguo isiyong'aa, na kitambaa cheupe kilicho pembeni kitamrudishia mwanga usoni. Kamera iwekwe juu ya meza, na jicho lake liachwe wazi kidogo zaidi. Hiyo ndiyo sababu nyumba nyingi za Kaloleni na Majengo leo zina picha ambamo mtu anaweza kumtambua babu yake.

Mwezi wa Mei mwaka 1957 Mama Adoyo alipanda treni kwenda Nairobi kutibiwa macho. Daktari alimweleza Phares kwamba kuona kwake kunafifia na hakutarudi. Wakati huo mama alikuwa haoni sura ya mtu aliyeketi ng'ambo ya meza. Aliweza tu kuona kitu akikisogeza karibu kabisa na jicho, mlangoni penye mwanga. Hakulia. Alisema kwamba ameona picha nyingi za watu wake, na zote ni za mashati. Akaomba moja yenye nyuso, ya wote pamoja, kabla mlango haujafungwa.

Phares alijaribu mara ya kwanza, mwanga ukamuumiza mama na macho yakatoka yamefumbwa. Alijaribu tena, nyuso zikatoka vizuri, mama akazitaja moja moja kisha akauliza mwanawe yuko wapi. Alikuwa nyuma ya kamera. Ilibidi basi mtu mwingine apige, na marehemu alimchagua Kombo. Jumapili tarehe 4 Agosti familia ilikaa kivulini nyuma ya nyumba ya Kaloleni, Haji na mwenzake mmoja wakashika bafta, Kombo akapiga.

Jumapili iliyofuata picha ilitundikwa ukumbini. Wanakikundi walisema walichokiona. Ukingo wa bafta umeingia kwenye kona. Mtoto mdogo amesogeza mguu. Mwanga kwenye shavu la mama ni mzuri kuliko wa wengine, kwa nini? Walizungumza sana na walizungumza vizuri. Kisha Phares, Haji na Kombo wakaipeleka nyumbani.

Mama Adoyo alikaa kizingitini, akaisogeza picha hadi karibu iguse pua, akaanza kuisogeza polepole kutoka upande mmoja. Alimtaja Adhiambo. Aliwataja watoto wote wanne. Alijikuta mwenyewe, akacheka kwamba amezeeka bila kuarifiwa. Alipofika kwa mwanawe aliirudisha picha nyuma kidogo, akaitazama tena.

"Huyu ni Opiyo?"

"Ni yeye, mama," Adhiambo akamjibu.

"Amekonda. Nanyi mnakaa naye."

Uso wa mtu mzima huwezi kuuvuta hadi puani ukauchunguza. Mama hakuwa ameuona vizuri uso wa mwanawe kwa zaidi ya mwaka. Wengine waliuona kila siku, na macho yalizoea kadiri ulivyopungua. Phares aliinama kando yake, akamwuliza anaona wapi.

"Hapa, chini ya macho. Na hapa, shingo imetoka ndani ya kola."

Kombo alichungulia juu ya bega la mama. Shati jeusi alilovaa Phares pichani alilishona yeye mwezi wa Januari, na kola aliipima kwa mkono wake. Alikuwa ameitazama picha ile wiki nzima, akipima mwanga kwenye kitambaa. Alisema taratibu kwamba kola hiyo, alipomvalisha Phares, kidole kimoja tu kiliweza kupita.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 12 Agosti 1957, marehemu alikwenda hospitali. Alikuwa akiumwa tumbo tangu Pasaka na hakumwambia mtu, kwa kuwa alidhani ni chakula cha karakanani. Ulikutwa uvimbe, akapasuliwa mwezi wa Septemba. Daktari alimwambia kwamba angengoja hadi Krismasi, asingekuwa na la kumfanyia. Alimwuliza daktari maswali mengi, na mengi yalijibiwa.

Alirudi kazini Februari 1958. Alirudi pia ukumbini, na kwa desturi picha yake ilitundikwa kwanza. Mwaka ule aliwafundisha watoto wake wote wanne kupiga picha, akaenda nyumbani likizo na kuwapiga picha wazee wa Ng'iya kivulini na bafta ya Haji. Mwezi wa Juni mwaka huo huo macho ya Mama Adoyo yalipofuka kabisa. Phares alikaa naye siku zile, akimweleza kilichoko mbele yake: nani anapita njiani, mahindi yamefika wapi.

Ugonjwa ulirudi Januari mwaka huu. Alilazwa tarehe 2 Machi. Haji na Kombo walimtembelea kila Jumapili na picha za wiki. Alipokosa nguvu ya kusema alinyoosha kidole mahali kwenye picha, nao wakashindana kukisia anachouliza. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Aprili 1959, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mkewe Adhiambo. Watoto wake Ochola, Awiti, Aloo na Odera. Kaka yake mkubwa na dada zake wawili. Wenzake wa karakana. Haji Abdurahim na Kombo, waliosafiri na mwili wake kwa treni. Na mama yake mzazi, Mama Adoyo, aliyeketi nasi hapa mbele.

Wakati wa kutayarisha karatasi hii jamaa walipendekeza ichapwe picha ya mwaka jana, ambamo marehemu amenenepa kidogo. Mama alikataa. Alitaka ile ya Agosti, kwa sababu ndiyo aliyoiona. Aliambiwa kwamba humo mwanawe anaonekana mgonjwa, tena mdomo uko wazi kidogo. Akajibu kwamba hata mdomo aliuona, na kwamba mtu hafungui mdomo hivyo kwa maumivu. Alikuwa na jambo. Tulimwuliza Kombo. Anakumbuka vizuri. Alipofungua jicho la kamera, Phares alikuwa akiuliza kama bafta imeinuliwa vya kutosha kwa uso wa mama yake.

Mwenyezi Mungu ampokee mtumishi wake Phares Opiyo, ampe pumziko, na asichoke kumjibu.