Goti Jipya la Bi Felismina

Benchi letu liko Graça, mtaa wa mlimani Lisbon, pale tramu inapopunguza mwendo kabla ya kona, na kahawa ya wazee wa benchi naipika mimi, Otilia, kwenye kibanda kilicho nyuma yao. Wazee wenyewe ni watatu. Amirali alikata tiketi za kivuko miaka thelathini na kuogelea hajui. Daktari alikuwa mfagiaji wa duka la dawa. Redio hakuwahi kuwa na kazi ya kueleweka, ila habari zote za mtaa hupitia kwake na hutoka zimenenepa. Jumamosi ile ya Juni hata mimi niliacha vikombe bila kuosha. Mzee Aderito, dereva mstaafu wa tramu, alikuwa ametoka asubuhi na mkewe, Bi Felismina, kwenda kuitembelea Lisbon kama watalii. Si mapenzi tu, lilikuwa suala la goti. Bi Felismina aliwekewa goti la chuma wakati wa baridi, na binti yao Graciete ameshapata nyumba ya chini huko nje ya mji, hataki kabisa mama yake apande tena ngazi za ghorofa ya tatu, hapo juu ya benchi letu. Wakakubaliana hivi: mama akizunguka mji kutwa kwa miguu yake, mpaka kwenye ngome ya kale ya mji, akarudi kwa miguu yake, wanabaki Graça. Akiletwa na teksi, wanahama. Mimi nilikuwa upande wa Bi Felismina na sikuficha.

Saa nne tramu ikapunguza mwendo. Dereva, aliyefundishwa kazi na Aderito kama madereva wote wa njia hii, akatoa kichwa dirishani.

— Nimewakuta Portas do Sol. Wamesimama kituoni. Nimefungua mlango, hawakupanda.

Tramu ikaenda zake.

— Kachoka, mama wa watu, akasema Redio. Kituo cha pili tu, kachoka.

— Angechoka angepanda, nikamwambia.

— Aibu, Otilia. Unapanda vipi tramu wakati binti yako anakusubiri na karatasi ya nyumba mpya?

Amirali akakoroga kahawa yake.

— Mimi naona wanapumzika. Mtalii hupumzika. Nimebeba watalii miaka thelathini, kazi yao ni hiyo.

— Ulikuwa unabebwa pamoja nao, akasema Daktari. Mwenye kubeba ni kivuko.

Saa sita ikapita tramu nyingine.

— Wako Kanisa Kuu. Wamesimama kituoni. Hawakupanda.

Daktari akavua miwani, na akivua miwani ujue tumekwisha.

— Jamani, lile goti ni chuma.

— Tunajua.

— Na reli ni chuma. Na juu ya reli kuna waya wa umeme. Umeme ukipita kwenye chuma unazaa sumaku. Bi Felismina kanasa.

— Kanasa wapi?

— Kwenye reli. Kila akikaribia kituo goti linavutwa. Aderito anamshika mkono, anamvuta, wananasuka, wanaendelea. Kituo kinachofuata, yaleyale.

— Mbona kwenye kona hanasi?

— Kona ina mteremko.

Amirali akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikawamiminia kahawa nyingine maana huwezi kumsikiliza Daktari na kikombe kitupu.

Saa nane, tramu ya tatu.

— Wamefika uwanja wa Camões, wamegeuza, wanarudi kwa miguu. Kila kituo wanasimama. Abiria wangu mmoja amewapiga picha.

— Basi nimeelewa, akasema Redio. Aderito hajastaafu.

— Acha zako, tulikula keki yake ya kustaafu hapa hapa.

— Keki ilikuwa danganya toto. Aderito ni mkaguzi wa siri. Anasimama kituoni na mke, nani atamshuku mtu na mke? Anahesabu dakika. Wiki ijayo nusu ya madereva hawana kazi.

— Kwa hiyo kamtoa mkewe mwenye goti bovu kutwa nzima kwa ajili ya ukaguzi?

— Hapo sasa. Na Bi Felismina naye yumo. Goti lenyewe ndio mtambo wa kurekodi.

Nilikuwa nimeinua kitambaa nimchape nacho Redio, ndipo Graciete akatokea. Alikaa ukingoni mwa benchi, karatasi ya nyumba ikiwa mkobani. Hakuna aliyemtania. Mwaka jana yeye ndiye aliyemkuta mama yake ameanguka kwenye ngazi za ghorofa ya pili, na tangu siku hiyo halali vizuri. Nilimpa kahawa. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa upande wa mama.

Saa kumi na moja teksi ikasimama mbele yetu.

Graciete akafumba macho. Mlango ukafunguliwa, ukatoka mguu mmoja wa Mzee Aderito, halafu baada ya muda mrefu ukatoka wa pili.

— Mama yuko wapi? akauliza Graciete.

— Nisaidieni kwanza niketi, akasema Aderito.

Tukamketisha. Redio hakuweza kusubiri.

— Mzee, vituoni mlikuwa mnafanya nini?

— Kwani kituoni hufanywa nini kama si kusimama? Kituo ni kituo. Nimesimama miaka thelathini na nne, leo nikipite?

— Mlikuwa kwa miguu, mzee.

— Ndiyo. Tunafika, tunasimama, nahesabu mpaka ishirini, abiria washuke wengine wapande, tunaondoka. Felismina aliniambia mimi ni mwendawazimu, lakini alisimama.

— Na ngome?

Aderito akatazama viatu vyake.

— Ngome haina reli. Nilifika langoni, magoti yakagoma. Miguu yangu inajua kusimama tu, kutembea haijawahi kufundishwa. Felismina kaniitia teksi mwenyewe, akaniingiza, akafunga mlango, akapanda ngomeni peke yake.

Sote tukageuka kuitazama barabara ya mlima. Bi Felismina alikuwa anapanda kuja kwetu katikati ya wapita njia, kofia mkononi, unyoya wa tausi wa ngomeni umechomekwa kwenye nywele. Hakukimbia wala hakupumzika. Graciete alisimama na kulia waziwazi, akaitoa karatasi, akaichana vipande vinne kabla mama hajafika. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Bi Felismina akafika, akambusu binti yake, akampangusa machozi kwa kidole gumba. Kisha akamtazama mumewe, akawatazama wazee wangu mmoja mmoja.

— Haya, nani atambeba huyu mpaka ghorofa ya tatu?

Amirali akashika kiuno. Daktari akaanza kueleza habari za uti wa mgongo. Redio akakumbuka ana habari ya haraka ya kupeleka mtaa wa pili. Walikuwa bado wanatazamana pale dirisha la ghorofa ya tatu lilipofunguka juu yetu, na Bi Felismina akachungulia kuuliza kama wameshaanza.