Kiwiko cha Bisibisi

Benchi letu liko kati ya duka la kinyozi na karakana ya Bisibisi, seremala aliyepewa jina hilo kwa kuwa skrubu zote huzikaza kwa mkono. Birika la kahawa ni letu sote, la chuma, zito, na anayemimina ni Bisibisi tu. Asubuhi hii alimimina huku amekunja uso. Mimi nilikuwa nashona viatu vya wateja pembeni. Nikawaachia uwanja Wembe, yule kinyozi, na Mwanasheria, ambaye mahakamani alifika kwa kesi ya kuku wake tu.

— Mkono vipi, ndugu yangu? Wembe akauliza.

— Kiwiko, kwa nje hapa. Nikishika bisibisi, moto. Nikikamua kitambaa, moto. Nimechoka. Jioni shemeji anakuja kuchukua randa na misumeno yangu. Naacha useremala.

Nikasimamisha sindano. Nyumba gani mtaani haina meza ya Bisibisi?

— Hiyo baridi, Wembe akasema. Imeingia kwa dirisha la karakana, ikatafuta mfupa usio na nyama.

— Baridi gani? Mwanasheria akadakia. Damu imelala! Kaza mpira wa baiskeli hapo mpaka ishtuke.

— Niliukaza jana. Sikupata usingizi.

— Si unaona? Damu imeamka, na wewe umeamka nayo!

— Mfupa umehama huo, Wembe akasema. Mimi namshika kiuno, Mwanasheria anavuta mkono.

— Nivuteni muone. Leteni vikombe.

Akamimina tena, safari hii kwa mikono miwili. Ndipo akatokea jirani mpya, dada wa kitengo cha mazoezi ya viungo hospitalini, aliyekuja kuchukua kiti chake.

— Shikamoo, baba. Hebu nione huo mkono.

— Marahaba, mwanangu.

Akabonyeza upande wa nje wa kiwiko. Akamwambia anyooshe mkono, kiganja kitazame chini, kisha aupandishe mgongo wa kiganja juu huku dada akiuzuia. Bisibisi akaruka.

— Hapo hapo. Ni kano, ile kamba inayoshika msuli kwenye mfupa. Imechoshwa na kusokota.

— Ndiyo basi tena kazi?

— Uache kazi kwa nini, baba? Punguza kukamata kwa nguvu, azima mashine ya skrubu. Ukinyanyua kitu, kiganja kitazame juu. Nitakufundisha kushusha kitu chepesi polepole kwa kifundo cha mkono. Inaweza kuchukua miezi, ila wengi hupona. Vidole vikifa ganzi au kiwiko kikivimba, njoo hospitali. Na huo mpira utupe.

Mwanasheria akakohoa.

Dada akalitazama birika.

— Na hili, kwa nini asimimine mwingine?

Wembe akamtazama Mwanasheria. Mwanasheria akanitazama mimi. Nikainamia kiatu, aibu imenijaa.

Bisibisi akaliweka birika chini, akakaa benchini, akanyoosha miguu.

— Haya, nani ananimiminia? Na mwingine ampigie shemeji. Mwambieni asije.