Mzee Machuki na Mdiria wa Darini

Baada ya miaka ishirini na tisa katika chumba cha eksirei cha hospitali yetu hapa Migori, Mzee Wesley Machuki anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Hakuna mfanyakazi hapa ambaye hajawahi kuambiwa naye, "Vuta pumzi. Shikilia. Usitikisike. Haya, pumua." Wengine tumeambiwa hata tukiwa kwenye foleni ya chai.

Alianza kazi enzi za filamu, zilipokuwa zikisafishwa kwa dawa ndani ya chumba cha giza na kuanikwa kama nguo. Mashine za kompyuta zilipoletwa, tulidhani atazikwepa. Alijifunza kuzitumia bila makeke, kisha akawafundisha waliokuja nyuma yake. Majina ya watu humponyoka, lakini mifupa hasahau. Sokoni Rodi Kopany aliwahi kumsalimia mama mmoja kwa furaha na kumuuliza nyonga ya kushoto inaendeleaje, mbele ya mumewe. Ilibidi Sista Orpah, muuguzi wetu mkuu, aingilie kati na kueleza.

Nje ya kazi, mapenzi yake ni kamera. Ndiye aliyeanzisha matembezi yetu ya Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato yake. Sisi Wakatoliki tulikuwa tukisali misa ya kwanza kisha tunamfuata: Mto Kuja upande wa Ndhiwa, mara nyingine hadi ufuoni Kisegi. Alitufundisha kukaa kimya na kutazama maji yakigeuka rangi baada ya mvua, korongo wamesimama matopeni, furukombe akiita kutoka ng'ambo. Picha zake za mto ni nzuri kweli. Moja iko mapokezi, na mimi ninayekaa chini yake kila siku sijaichoka.

Za ndege ni habari nyingine. Kila anapolenga kamera, ulimi wake hukumbuka kazi: humwamuru ndege ashike pumzi, tena kwa sauti ya kusikika na mgonjwa aliye nusu kiziwi. Ndege haoni sababu ya kusubiri. Ndiyo maana Mzee ana mkusanyiko wa mikia ambao sidhani kama kuna mwingine mfano wake nchini.

Tulimcheka mpaka mwaka juzi, alipoteleza kwenye mawe ya Kuja akaumia kiuno. Kwa mara ya kwanza alilala juu ya meza yake mwenyewe na kutazama wanachotazama wagonjwa: dari tupu yenye doa la maji. Alituambia waziwazi kwamba aliogopa. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu kabla ya kustaafu, kuwaachia wagonjwa ndege wa kumtazama pale juu. Utawala ulikubali, na dari ikapakwa rangi. Sista Orpah alipendekeza tukate picha ya kalenda tumalize. Mzee alikataa katakata. Alimtaka mdiria, yule mvuvi mdogo mweusi na mweupe, wa mto ambao wagonjwa wetu wanaujua. Miezi ikapita, Juni ikakaribia, na alichokuwa nacho kilikuwa mikia. Tuliacha kumtania, maana alikuwa ameanza kukata tamaa na ilituuma.

Mwezi Mei tulitoka naye kwa mara ya mwisho. Njiani, Sista Orpah alinunua njugu karanga za kukaanga hapo Rodi Kopany. Tulipofika mtoni alimjaza Mzee njugu mdomoni, akamkataza kutafuna wala kumeza. Tukakaa. Baada ya muda mdiria akaja akatua kwenye tawi kavu juu ya maji. Mzee, mashavu yamevimba na machozi yanamlengalenga, akabonyeza. Ndege alibaki palepale akitutazama, hadi tuliposhangilia.

Picha ilibandikwa darini wiki iliyopita. Wa kwanza kulala chini yake alikuwa Mama Nyakerario, mkulima aliyeanguka shambani, na aliingia akitetemeka mwili mzima. Mzee alimwambia amtazame tu yule ndege, akaenda kwenye mashine yake. Yale maneno yake ya kila siku hakuyasema. Mama alitulia tuli. Baadaye akauliza kwa upole, "Daktari, hii ndege inaniangalia tu. Sasa hiyo picha yangu utapiga saa ngapi?"

Mzee alikuwa ameshamaliza.

Asante, Mzee Machuki, kwa mifupa yetu, kwa Jumapili zetu na kwa mdiria. Tutakukosa sana, na hilo silisemi kwa adabu ya sherehe. Mkeo, Mama Susana, anakungoja nyumbani, na mto haujahama. Tunakuombea ustaafu wenye afya na ndege wavumilivu. Kazi imekwisha, na imetoka vizuri. Haya, Mzee, pumua.

Liz Angwenyi, Mapokezi