Febronia Ntandu na Matunda ya Mama Yake

Marehemu Febronia Ntandu alizaliwa Ihanja tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mzee Gasto Ntandu na Mama Theresia. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Ukimwambia jambo mara kumi, mara ya kumi anakataa zaidi.

Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini. Mwaka wa njaa, 1974, mama yake aliingia porini kuokota furu, vile vitunda vyeusi vya mwituni, na ukwaju na ubuyu, akavichanganya na asali kidogo, watoto wote wakala bakuli moja. Furu ziliwaacha na midomo myeusi, na shuleni wenzao wenye chakula wakawaita “wala-pori”. Jina hilo lilimuuma Febronia mpaka utu uzima.

Alipomaliza darasa la saba alijifunza upishi kwa masista, kisha akaajiriwa nyumba ya wageni Singida mjini. Huko mchanganyiko wa mama yake akaupandisha cheo: akatia papai, baadaye ndizi mbivu, embe na tikiti. Asali aliibakiza. Furu akazitoa, asije mgeni akatabasamu na meno meusi. Ikafika mahali hapa mtaani kwetu Mandewa hakuna harusi bila saladi ya Mama Hana, ndivyo tulivyomwita Febronia. Akiulizwa kaijulia wapi, alijibu, “Kwa masista.” Jamani, masista hawakumfundisha hiyo.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Bwana Samweli Hango, wakajaliwa Hana na Derick. Bwana Samweli hupenda kusema kwamba yeye alioa bakuli, mke akapewa kama nyongeza.

Juni 2009, Febronia akipika kwenye harusi moja hapa Mandewa, Mama Theresia alishuka basi na kindoo chake mkononi, akaingia moja kwa moja jikoni. “Nimekuletea ule wetu, wenye furu.” Akina mama wakauliza, “Huyu bibi ni nani?” Febronia akajibu, “Jirani yetu wa Ihanja.” Mama Theresia akamtazama mwanawe, akasema, “Ndiyo, mimi ni jirani.” Akakaa chini akaosha vyombo mpaka harusi ikaisha. Aibu ya siku ile Febronia aliibeba miaka yote, na ubishi wake wote haukumpa ujasiri wa kuomba radhi.

Saratani ya koo ilimwanza mwaka 2023. Mei mwaka huu wa 2025 akawa hamezi kitu kigumu. Mama yake akaja kumuuguza, akamsagia furu kwa asali, akamlisha kwa kijiko. Febronia akaanza, “Mama, ile siku ya harusi…” Mama akamkatiza, “Kula kwanza, mwanangu.” Kila alipoanza tena aliletewa kijiko kingine. Ndipo akamwita mdogo wake, Lea: “Naona aibu, na sitaki kuzikwa nayo. Iandikeni kwenye wasifu wangu. Na msome kwa sauti, mama hasikii vizuri.”

Alifariki tarehe 14 Juni 2025, akiwa nyumbani.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake Lea. Na akina mama wa Mandewa mliokuwa jikoni siku ile, ameacha pia mama mzazi: ni huyu hapa mbele, Theresia, aliyeutengeneza mchanganyiko ule. Mama, mwanao anasema nisamehe.

Pumzika, Febronia. Tumesoma kwa sauti.